Uzi maalumu: Swapu kujaa siyo ugonjwa. Tuangalie inavyotembea

#1 · Kijiti_cha_Seva (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki hii peke yake, kuhusu swapu (nafasi ya diski inayoisaidia RAM ikibanwa), nimekuta nyuzi tatu watu wanaambiana "swapu yako imefika asilimia 70, ongeza RAM haraka". Mmoja kaongeza, kalipa, na seva bado inajikokota vilevile. Nimeona nifungue uzi nieleze ninavyosoma mimi, kwa sababu kosa hilo nimelifanya kwa mikono yangu na likaniharibia siku nzima ya mwisho wa mwezi.

Nilikuwa natunza seva ya chama kimoja cha akiba na mikopo: RAM GB 8, swapu GB 4, ndani yake kanzidata ya MariaDB na programu moja ya Java. Nikaweka alarmu ya SMS, swapu ikipita asilimia 60 nijulishwe. Basi kila siku saa nane usiku simu inalia. Naamka, naingia, naangalia, hakuna kinacholalamika. Wiki mbili za kulala nusunusu zikanitosha, nikapiga `swapoff -a`. Ilihangaika kama dakika kumi ikirudisha kila kitu kwenye RAM, ikamaliza salama. Nikafuta na mstari wake kwenye `/etc/fstab` isijirudishe seva ikiwashwa, nikalala fofofo. Kesho yake saa nne asubuhi, siku ya watu kuchukua mikopo, mfumo ukakatika. `dmesg` (ujumbe wa kerneli) ilikuwa na mstari mmoja tu wa maana: `Out of memory: Killed process`, na jina lililofuata ni mysqld, yaani kanzidata yenyewe. Kerneli (kiini cha Linux) ilikosa nafasi, OOM killer, mchinjaji wake wa prosesi kumbukumbu ikiisha, akatafuta prosesi iliyonenepa kuliko zote, akamchinja yule yule anayelisha familia.

Siku hiyo ndiyo nilielewa nilikuwa napima kitu kisicho sahihi. Chukua duka la mtaani. Rafu za mbele ni RAM, stoo ya nyuma ni swapu. Mwenye duka mjanja hawezi kuacha madaftari ya shule yamejaa rafuni mwezi wa Machi huku sukari inakosa pa kukaa. Anayapeleka stoo. Stoo imejaa madaftari na hakuna mteja anayeyauliza, hapo shida iko wapi? Shida ni pale kijana wa duka anapokimbilia stoo kwa kila mteja: analeta unga, anapeleka mchele kupisha unga, mteja anayefuata anataka mchele. Kijana anatoka jasho, foleni inafika barabarani, na hakuna kinachouzwa.

Kwa hiyo maswali ni mawili. Kuna nini stoo? Hilo linajibiwa na `free`. Safari za kwenda stoo ni ngapi kwa sekunde? Hilo linajibiwa na `vmstat`. Alarmu yangu ilikuwa inahesabu madaftari.

Kuhusu `free -m`, safu ya *free* isikutishe. Linux haipendi RAM ikae bure, hivyo inaijaza kwa nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni, nazo huziachia mara programu ikiomba nafasi. Safu ya kuitazama ni *available*. Makadirio hayo hufanywa na kerneli yenyewe tangu toleo la 3.14 la mwaka 2014. Kabla ya hapo tulikuwa tunajumlisha wenyewe free, buffers na cached, na tulikuwa tunajidanganya, kwa sababu ndani ya cached mlikuwa na tmpfs (mafaili yanayokaa kwenye RAM) na kumbukumbu za kushirikiana ambazo haziachiliwi hivihivi.

Kuhusu `vmstat`, iendeshe `vmstat 2 10`, yaani kila sekunde 2, mara 10. Tazama *si* (kinachorudi kutoka swapu) na *so* (kinachopelekwa swapu). Pembeni yake tazama *b*, prosesi zilizokwama zikisubiri, na *wa*, muda ambao prosesa imekaa ikisubiri diski. *si* na *so* zikiwa sifuri au zinadonoadonoa, lala usingizi. Zikiwa maelfu, na hazishuki, kijana wako anakimbia stoo.

Karibuni kwa michango na mapovu.

#2 · Mtoto_wa_Kichangani

Nimekaa siti ya mbele. Mfano wa duka umenifungua kichwa, miaka yote naangalia ile free na presha inapanda.

#3 · Baba_Kontena

Mkuu mada nzuri ila hapo kwenye swapoff nakupinga. Kosa lako halikuwa kuzima swapu, kosa lako ni kuwa na RAM ndogo. Sisi huku kwenye Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu ndani ya makontena) swapu tumeshaisahau. Seva ikizidiwa, prosesi ife haraka, iwashwe nyingine, maisha yaendelee. Afadhali kifo cha haraka kuliko seva inayogandaganda nusu saa, SSH haiingii, huwezi hata kuizima.

#4 · Kijiti_cha_Seva (mleta uzi)

@Baba_Kontena nakuelewa, na kwa mazingira yako una haki. Kubelet yenyewe (wakala wa Kubernetes kwenye kila seva) kwa kawaida inagoma kuwaka ikikuta swapu imewashwa. Msaada wa swapu ulianza kujaribiwa toleo la 1.22 mwaka 2021. Ukiwa na makontena ishirini yanayofanana, moja likifa si msiba. Mimi nilikuwa na kanzidata moja na watu foleni dirishani.

Ila kuna imani moja hapo naomba niivunje: kwamba ukizima swapu seva haigandi tena. Inaganda. Kerneli ikibanwa na haina swapu, kurasa (vipande vidogo vya kumbukumbu) za data za programu hazina pa kwenda, kwa hiyo inaangukia kurasa za mafaili. Na programu zenyewe, ile kodi (code) inayoendeshwa, nazo zinatoka kwenye mafaili. Itazitupa, sekunde hiyo hiyo itazihitaji, itazisoma upya kutoka kwenye diski, itazitupa tena. Unaona taa ya diski haizimi, `wa` iko juu, na *si* na *so* ni sifuri. Ugonjwa ule ule, kipimo chako kimekufa.

Tofauti ya kasi nayo tuikumbuke. RAM inajibu kwa takriban nanosekunde 100. SSD ni mikrosekunde kadhaa hadi mia na ushee. Diski ya kuzunguka ni milisekunde karibu 10, yaani mara laki moja ya RAM. Ndiyo maana mtu mwenye diski ya kuzunguka anachukia swapu kama aliyeumwa na nyoka.

#5 · Mwl_Mtandao

Wakuu habari za mchana. Mimi ni mwalimu wa kompyuta, nimekabidhiwa seva ya matokeo ya wanafunzi. RAM GB 4, swapu GB 2. Wazazi wakiingia kwa wingi ukurasa unachukua dakika nzima. Nimefuata maelekezo ya mleta uzi, nikaandika `vmstat`, nimepata si 3, so 5. Kwa hiyo swapu yangu haina kosa, tatizo ni intaneti?

#6 · Kijiti_cha_Seva (mleta uzi)

Mwalimu, shikamoo. Umeandika `vmstat` tupu bila namba?

#7 · Mwl_Mtandao

Marahaba. Ndiyo, tupu.

#8 · Kijiti_cha_Seva (mleta uzi)

Ndiyo mtego wenyewe. Mstari wa kwanza wa `vmstat` ni wastani tangu seva iwashwe. Kama ina miezi minne hewani na inalemewa saa moja tu kwa siku, wastani utakuonyesha maji matulivu. Iendeshe `vmstat 2 10` muda ule ule wazazi wanalalamika, utupe mstari wa kwanza, ulete iliyobaki. Ongeza na `free -m`.

#9 · Babu_Solaris

Vijana mmenikumbusha mbali. Mimi nimelea mashine za Sun hadi nywele zikawa mvi. Niongeze mawili.

Kwanza jina. Unix ya zamani kwenye PDP-11 ilikuwa inabadilishana prosesi nzima nzima: programu yote inatupwa kwenye diski, nyingine yote inaingia. Hiyo ndiyo swapu ya kweli. Mwaka 1979 3BSD ikaja kwenye VAX na kurasa, ukawa unahamisha kipande unachotaka tu. Kazi ikabadilika, jina likabaki. Ndiyo maana mpaka leo mtu akisikia "swapu" anadhani programu yake yote imefukuzwa.

Pili, sisi kwenye Solaris, mfumo wa hizo mashine za Sun, hatukuwa tunahangaika na kiasi cha swapu hata kidogo. Tulikuwa na safu moja kwenye `vmstat`, inaitwa *sr*, kasi ya kerneli kuzikagua kurasa ikitafuta za kutupa. Kabla ya Solaris 8 ilikuwa inapanda hovyo kwa kusoma mafaili tu. Kuanzia toleo hilo ikatulia, na *sr* ikipanda na kukaa juu, ujue una upungufu wa kweli. Ukileta grafu ya swapu ofisini kwangu nilikuwa nakuuliza: "*sr* ngapi?" Kama huna, rudi.

Na msisahau kule `/tmp` ilikaa kwenye swapu. Nimeshaona kijana ametupa faili la GB 2 kwenye `/tmp`, mashine nzima ikakosa kumbukumbu, akaanza kuilaumu Oracle.

#10 · Pwani_BSD

Babu umenena. Kwenye FreeBSD tunatumia `swapinfo -h`, na ukifungua `top` utaona *Laundry*, yaani nguo chafu: kurasa zilizobadilishwa zinazongoja kufuliwa, ziandikwe kwanza ndiyo nafasi iachiwe. Huwa nacheka kila nikiiona, ni jina zuri kuliko yote kwenye kompyuta. Kwa wenye Mac, `vm_stat` na `sysctl vm.swapusage` zipo, ila ile grafu ya rangi ya shinikizo la kumbukumbu kwenye Activity Monitor inakutosha.

#11 · Dogo_Spidi

Samahani natoka nje ya mada. Simu yangu ina RAM GB 4, kuna sehemu ya kuwasha "RAM ya ziada" GB 4. Nikiwasha inakuwa 8 kweli?

#12 · Pwani_BSD

Haiwi, dogo. Wanachukua kipande cha hifadhi ya simu wanakifanya stoo. Na simu za Android tayari zina zram, ambayo inakaza kurasa kama unavyokandamiza nguo kwenye begi, zinabaki humo humo kwenye RAM zikichukua nafasi ndogo. Kwenye kompyuta nako ipo, Fedora wameifanya ya kawaida tangu toleo la 33 mwaka 2020. Rudi kwenye mada sasa.

#13 · Mwl_Mtandao

Wakuu nimesubiri saa moja jioni, muda wa wazazi. Haya hapa:

```
        total   used   free  shared  buff/cache  available
Mem:     3915   3402    121      48         392        251
Swap:    2047   1630    417
```

```
 r  b    swpd    free   buff   cache    si    so  us sy id wa
 2  7 1669120  123904   8120  393288  4820  3910   6  9  3 82
 1  9 1671680  119552   7904  390116  5264  4408   5  8  2 85
 3  6 1670400  121088   7960  388740  4476  4032   7  9  4 80
```

Safu nyingine nimepunguza zisijae. Jana ilikuwa 3 na 5, leo maelfu. Nimetetemeka.

#14 · Baba_Kontena

Hapo kijana wa duka yuko kwenye mbio za marathoni 😂

#15 · Kijiti_cha_Seva (mleta uzi)

Mwalimu, umeleta mfano ambao ningeutafuta mwezi mzima nisiupate.

Soma nami. *si* na *so* zote ziko juu kwa pamoja, kama MB 5 zinaingia na MB 4 zinatoka kila sekunde. Hiyo ya pamoja ndiyo mbaya. *so* peke yake kwa dakika mbili ni kerneli inapeleka madaftari stoo. Zote mbili zikidumu, kinachopelekwa ndicho kinachohitajika tena. *b* ni 6 hadi 9, prosesi hizo zimekwama. *wa* ni 80 na zaidi. *us* ni 6. Yaani katika kila sekunde 100 za prosesa, kazi ya wazazi wako inapata 6.

Sasa jumlisha: 3402 za RAM na 1630 za swapu ni 5032. Una mzigo wa GB 5 kwenye seva ya GB 4. Swali ni nani kaubeba. Naomba vitu vitatu: `pm.max_children` ya PHP-FPM (idadi ya juu ya prosesi zinazoendesha tovuti ya PHP), `innodb_buffer_pool_size` ya kanzidata (keshi yake), na matokeo ya hii ukiwa root:

`smem -P php-fpm -t -k`

Nataka safu ya *PSS*. Usitumie *RSS* ya `top` kujumlisha, kwa sababu kurasa ambazo prosesi zote za PHP wanachangia zinahesabiwa kwa kila mmoja. Ni kama kuhesabu sufuria moja la ubwabwa kwa kila mtoto aliyekula. PSS inagawa sufuria kwa idadi ya walaji.

#16 · Mwl_Mtandao

max_children = 80. Aliyeniachia aliandika pembeni "iwe kubwa ili isizidiwe". Buffer pool ni GB 1. Prosesi za PHP zinazoendesha sasa ni 62, PSS wastani MB 55.

#17 · Kijiti_cha_Seva (mleta uzi)

62 mara 55 ni 3410. MariaDB weka 1300, mana buffer pool haiji peke yake. Vilivyobaki vya mfumo 300. Jumla 5010. Tuliona 5032. Hesabu imefunga.

"Iwe kubwa ili isizidiwe" ndiyo imeizidia. Ukiruhusu wahudumu 80 kwenye jiko la watu 30, hakuna anayepika. Kwenye 3915 toa 1300 za MariaDB, toa 500 za mfumo na keshi ya mafaili, unabaki na karibu 2100. Gawa kwa 55 unapata 38. Mimi ningeweka 30, niache pumzi. Mzazi wa 31 atasubiri foleni kidogo, ila yule wa kwanza atahudumiwa haraka na kumpisha.

Usiguse swappiness (kigezo cha kerneli kuhusu swapu) kwanza. Najua mtu anakuja kukwambia uweke 10.

#18 · Fundi_Root

Ndiyo nilikuwa naandika aweke 10 😅. Kwani ile 60 ya kawaida siyo maana yake RAM ikifika asilimia 60 inaanza kuswapu?

#19 · Kijiti_cha_Seva (mleta uzi)

Siyo, na uongo huo umezunguka kuliko daladala. Ni mizani. Kerneli ikihitaji nafasi, ichukue zaidi kutoka kurasa za programu au kurasa za mafaili? Namba ndogo inailinda programu na kuumiza keshi, namba kubwa kinyume chake. Tangu kerneli 5.8 mwaka 2020 unaweza kufika 200, inayofaa kwa wenye zram, maana huko kurudisha ukurasa ni rahisi kuliko kusoma diski. Kwa kanzidata yenye keshi yake yenyewe, 10 si mbaya. Lakini mzigo wa GB 5 kwenye GB 4 mizani haiusaidii.

#20 · Dada_Grafu

Nimefurahi nimekuta uzi wa maana. Niongeze kuhusu kupima bila mtu kukaa macho.

`vmstat` inakwambia sasa hivi tu. Kwa ya jana tumia `sar` kutoka sysstat: `sar -W` inatoa pswpin/s na pswpout/s, `sar -r` RAM, `sar -S` swapu. Kwenye Debian huwa unakuta ukusanyaji umezimwa, kauwashe kwenye `/etc/default/sysstat`. Ila kawaida inarekodi kila dakika 10, kwa hiyo dhoruba ya sekunde 40 inasawazishwa na dakika tisa za utulivu na hutaiona. Ongeza marudio kama una wasiwasi.

Na kwa kerneli 4.20 kwenda mbele kuna kitu nakipenda kuliko vyote, PSI, kipimo cha shinikizo. Andika `cat /proc/pressure/memory`. Inaleta mistari miwili. *some* ni asilimia ya muda ambao angalau kazi moja ilikuwa imesimama ikingoja kumbukumbu. *full* ni pale kazi zote zilizotaka kuendelea zimesimama kwa pamoja. Kila mstari una wastani wa sekunde 10, 60 na 300. Kazi hii ilitoka kwa wahandisi wa Facebook, na uzuri wake haijali una swapu au huna. Ile hali ya #4, *si* na *so* sifuri na seva imeganda, PSI inaikamata. Faili likikosekana, kuna matoleo ya Linux (distro) yanayoizima; ongeza `psi=1` kwenye vigezo vya kuwashia kerneli.

Alarmu yangu mimi: *some avg60* ikipita 10 nijulishwe, *full avg60* ikipita 5 nipigiwe. Namba hizo ni za mzigo wangu, nyie pimeni za kwenu.

#21 · Babu_Solaris

Binti, hiyo PSI ndiyo *sr* niliyoililia miaka yote. Imechelewa, nimestaafu.

#22 · Mwl_Mtandao

Wakuu nimerudi. Nimeweka 30, nikawasha upya PHP-FPM. Jana jioni wazazi walikuwa wengi kuliko juzi, ukurasa sekunde 2 hadi 3. si ni 0, mara chache 12. so ni 0. wa ni 4. PSI some avg60=0.00. Mungu awabariki.

Ila `free` bado inaonyesha swapu MB 918. Nifanye swapoff halafu swapon niisafishe?

#23 · Kijiti_cha_Seva (mleta uzi)

Mwalimu! Rudi #1.

#24 · Mwl_Mtandao

😂😂 Madaftari. Nimeelewa. Lakini ni ya nani?

#25 · Kijiti_cha_Seva (mleta uzi)

Hilo ni swali halali. Kila prosesi ina VmSwap yake:

`grep VmSwap /proc/[0-9]*/status | sort -k2 -nr | head`

Namba baada ya `/proc/` ndiyo kitambulisho cha prosesi, ukipeleke kwenye `ps -fp`.

#26 · Mwl_Mtandao

Ya kwanza ni Java, MB 610 ziko swapu. Imewashwa tangu Februari. Iko kwenye folda inayoitwa `jaribio2`. Sijawahi kuiona.

#27 · Baba_Kontena

Zima.

#28 · Kijiti_cha_Seva (mleta uzi)

Usizime. Uliza kwanza, hasa watu wa uhasibu. Jaribio la mtu huwa linageuka mfumo wa ada bila wewe kujua.

#29 · Mwl_Mtandao

Nimeuliza uhasibu, taaluma, hadi mlinzi. Hakuna anayeijua. Nimeizima jana saa mbili usiku, nimeacha maelekezo ya kuiwasha kwenye karatasi nimebandika ukutani. Leo ni saa kumi jioni, hakuna aliyepiga simu.